Kwa Wageni Waliowahi

Mmewahi. Harusi ni Jumamosi, ng'ambo, Achao,
leo ni Alhamisi, na Dalcahue ni mji
unaokwisha kabla sigara haijakwisha.
Mjomba Fidelmo kasema: waandikie cha kufanya,
wasikae hotelini wakihesabu matone.
Basi naandika. Mimi ni Yasna, dada wa bibi harusi,
yule wa kibanda cha nauli pale gatini.

Kwanza, mvua. Msiingoje ikatike.
Huku mvua haikatiki, inapumzika tu,
kama msemaji aliyenyamaza anywe maji.
Miavuli iacheni chumbani,
upepo wa mlango huu wa bahari huigeuza bakuli.
Nendeni sokoni kwa akina mama wa sufu
mkanunue soksi, zile nene, zinazonuka kondoo bado.
Bi Otilia atawatajia bei ya watu wa Santiago.
Mwambieni ninyi ni wa harusi ya binti Eleuterio.
Bei itashuka.
Maswali yatapanda.

Njaa ikiwauma, nyuma ya soko kuna vibanda vya chakula
vilivyosimama kwa miguu ya mbao juu ya maji.
Supu ya kome. Msiulizie bakuli dogo.

Kanisani, zile nguzo si marumaru,
ni mbao zilizopakwa rangi zikajifanya.
Zigongeni kwa kucha, hakuna atakayewakemea,
sote tulizigonga utotoni.
Mama aliagwa pale, Agosti, watu wakiwa na matope hadi magotini.
Mishumaa iko kushoto ukiingia.
Sisemi mwashe. Nasema iko kushoto.

Halafu pandeni feri. Waendao kwa miguu hawalipi,
mimi hutoza magari tu.
Dakika tano kwenda, tano kurudi,
watoto waende hata mara sita.
Bwana harusi naye alianza hivyo, mwaka juzi,
kaja kutoka Antofagasta kutengeneza mnara wa simu,
kutwa nzima anavuka na kurudi, anavuka na kurudi,
akingoja zamu ya dada yangu mkahawani iishe.
Nilimhesabu dirishani mara kumi na nne.
Nikampigia polisi.
(Mkitaka kumchokoza, hicho ndicho kisa.)

Ijumaa tunataka mikono. Tunachimba shimo,
tunapanga mawe ya moto, kome, nyama ya nguruwe, viazi,
tunafunika kwa majani mapana kuliko meza.
Wenye viuno vizima wabebe mawe.
Wenye ndimi nzima wakae na shangazi Herminda
asije akamfundisha mpishi kazi.

Jumamosi mnaijua.

Jumapili ndiyo sababu ya barua hii, hayo mengine ni dibaji.
Gari la maharusi litavuka na feri ya saa nne asubuhi,
kisha barabara, siku tatu, hadi jangwani
ambako, nasikia, mvua ikinyesha hutangazwa redioni.
Mimi nitakuwa zamuni. Nitawatoza nauli kamili.
Baba hatashuka gatini.
Atasema viazi vinaoza ardhini.
Haviozi. Nimevichimbua, nimevitazama.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Ninyi mtakuwa wa nne, nimewahurumia siku moja.
Shamba letu liko upande wa kisiwani, juu tu ya gati.
Majembe ni matano, nyuma ya zizi.
Njooni. Msimpe pole,
msimwambie bibi harusi alipendeza, anajua.
Muulizeni majina ya viazi.
Kuna cheusi, kuna kilichopinda kama kidole cha bibi kizee,
kuna kimoja mama alikipa jina ambalo halitamkiki mbele ya padri.
Atavitaja polepole, akivipangusa kwa shati.

Kisha, chini huko, mtasikia mlango wa chuma wa feri
ukikwaruza zege. Ataacha kusema.
Hapo okoteni kingine, chochote,
mmuulize: na hiki?